Cyril Lumb Hakukidhi Vigezo

Jina lilikuja Jumatatu asubuhi, la nne katika orodha ya wiki, na Glenys Pickersgill alilisoma mara mbili kabla hajavua koti. Enid Lumb, miaka themanini na minne. Anaishi peke yake, macho yamefifia, ombi limeletwa na daktari wake. Namba tisa, Mtaa wa Weir.

Glenys alikuwa mtathmini wa halmashauri ya Askendale, mji wa viwanda vya sufu huko kaskazini ambao viwanda vyake vilikwisha kufungwa vyote. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kwenda majumbani kwa wazee na wagonjwa, kuwauliza wanaishije, kisha kurudi ofisini kuandika kama wanastahili kusaidiwa kwa fedha za umma au hawastahili. Fomu ilikuwa na mambo kumi. Anaweza kujipikia na kula? Anaweza kuoga? Kuvaa? Kwenda chooni? Kukaa salama ndani ya nyumba? Na mengine hivyo hivyo. Anayeshindwa mawili, na kushindwa huko kukawa kunamvuruga maisha, amekidhi vigezo, na wahudumu watakuja mlangoni kwake. Anayeshindwa moja huandikiwa barua ya heshima na kupewa kijitabu chenye namba za simu.

Nyumba namba tisa aliifahamu. Alikwisha kuingia humo mara moja, miaka mitatu nyuma, asubuhi ya mvua ya Februari.

Siku ile alimkuta Cyril Lumb ameketi kitini kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Alikuwa mzee wa miaka sabini na tisa, mtia rangi sufu wa zamani, na chini ya kucha zake bado kulikuwa na ubuluu ambao maji hayakuuweza. Shati jeupe, tai. Sakafu inang'aa. Sufuria ya supu jikoni, bado ina joto. Na nyumba nzima, pamoja na mzee mwenyewe, inanukia sabuni kali ya dawa, ile nyekundu ya zamani.

Kila alichoulizwa, jibu lilikuwa moja. "Nashukuru, najimudu." Kuoga? Najimudu. Ngazi? Najimudu. Usiku? Nashukuru, najimudu. Glenys akaandika: anaweza, anaweza, anaweza. Barua ikaenda. Siku ya kumi na tisa baada ya barua, mleta posta alichungulia kwenye tundu la mlango akaona mkono sakafuni. Mzee alikuwa ameanguka ngazini, akalala pale chini siku mbili kabla roho haijatoka. Waliomchunguza walijua ni siku mbili kwa sababu alikuwa amekula kona ya zulia.

Kikao cha uchunguzi kilikaa. Kikahoji, kikapekua faili, kikaandika kwamba tathmini ilifuata taratibu zote. Wenzake walimnunulia Glenys keki. Mumewe alimwambia, "Umeona? Huna kosa." Na yeye alikula kipande cha keki ile huku akinusa sabuni ya dawa.

Tangu hapo harufu ile haikumwacha. Haikuja kila siku. Ilikuja akiwa mezani pake anajaza fomu, kalamu ikifika penye neno "anaweza". Mara ya kwanza alimwuliza Colin wa meza ya jirani kama kuna mtu anapiga deki. Colin alinusa hewa, akacheka, akasema, "Hapa? Hapa hapajapigwa deki tangu enzi za babu yangu." Hakumwuliza mtu tena.

Mkuu wake, Rupinder Sahota, alimfuata mezani kabla ya chai ya saa nne.

"Dada, nimeona hilo jina. Nampa Colin."

"Colin ana nafasi lini?"

"Baada ya Krismasi."

"Bibi wa miaka themanini na minne, haoni, Desemba hii, asubiri Krismasi ipite?"

"Naulizia hali yako, Glenys. Si yake. Una hakika?"

"Nitakwenda Alhamisi," Glenys akasema, na alipoinama kuandika tarehe, sabuni ikamjia puani.

*

Alhamisi saa nane mchana alibisha hodi. Barafu ilikuwa imeshika mtaa mzima. Mlango ulifunguka upana wa kiganja, na uso mdogo mweupe ukatokea, umeinamishwa kando, kama kuku anayemtazama mtu kwa jicho moja.

"Umechelewa dakika nne."

"Samahani, Bi Lumb. Barafu barabarani."

"Barafu imeanza jana. Ungeondoka mapema. Ingia, usinimalizie joto."

Joto lenyewe halikuwepo. Glenys aliiona pumzi yake ikitoka kama moshi ukumbini. Mbele yake zilipanda ngazi, nyembamba na za wima, zikiwa na zulia lile lile la kijani. Aliyaondoa macho upesi. Bi Enid alikuwa amevaa koti la nje, skafu na soksi mbili mbili, na alikwenda mbele akiupapasa ukuta kwa vidole, akihesabu hatua zake mpaka sebuleni. Kiti kilikuwa kile kile.

"Kaa. Nafikiri unakijua."

Glenys hakuelewa kama amesikia sawasawa. Bibi akachomoa bahasha mfukoni mwa koti. Kingo zake zilikwisha kulainika kama kitambaa.

"Sikukujua kwa sura, maana sura siioni. Kitovu cha macho kimekufa. Nikikutazama usoni naona shimo, naona mabega tu na nywele. Ila kabla macho hayajaisha niliisoma barua hii, uliyomwandikia Cyril. 'Wako mtiifu, Glenys Pickersgill.' Jina lako, mwanangu, nimelisoma mara nyingi kuliko la Malkia."

"Wewe ni dada yake."

"Aliniachia nyumba. Nami nilikuwa kule pwani kwenye chumba cha kupanga chenye ukungu. Nikaja." Akaketi. "Haya, toa makaratasi yako. Daktari ndiye aliyewaita, si mimi. Uliza, nikujibu, uende zako kabla ya giza."

Glenys alitoa fomu.

"Unapika mwenyewe, Bi Lumb?"

"Najimudu."

"Kuoga?"

"Najimudu."

"Na ngazi?"

"Nashukuru," bibi akasema, akilipima kila neno, "najimudu."

Maneno yalikuwa yale yale, sauti ya familia ile ile, puani kidogo na mwisho wa sentensi umeshushwa. Kalamu ilikuwa imekwisha kugusa karatasi. Glenys akaiweka chini.

"Bi Lumb, naomba chai."

"Nini?"

"Nimetoka mbali na nina baridi. Nitakushukuru ukinipa kikombe cha chai. Nitakufuata jikoni nikuone unavyoitengeneza."

"Utanifuata kama mkaguzi wa kiwanda?"

"Kama mkaguzi wa kiwanda."

Bibi alikunja midomo, lakini mgeni akiomba chai katika nyumba ya Askendale hanyimwi. Alinyanyuka. Jikoni aliijaza birika kwa kusikiliza mlio wa maji. Aliwasha gesi kwa kiberiti, na njiti tatu ziliteketea mbali na jiko kabla ya ile ya nne kupata moto, ambao uliruka na kuramba mkono wa koti. Maji yalipochemka alitia kidole ndani ya kikombe ili ajue yamefika wapi. Alimimina, maji yakamfikia kidole, naye hakutoa hata sauti, alikiondoa tu, akakipangusa kwenye koti, akasema, "Tayari. Kimejaa." Alipoukunja mkono wa koti ili usiingie kwenye maziwa, Glenys aliona bendeji ya kitambaa cha shuka, na juu na chini yake ngozi nyekundu inayometa.

"Hiyo imetokea lini?"

"Ipi? Kuna ya Jumapili na ya wiki iliyopita."

"Naweza kuona friji?"

"Ona. Ukikuta kitu, nigawie."

Mlikuwa na nusu chupa ya maziwa, mkate, siagi, na mikebe mitano ya kastadi iliyofunguliwa, mingine ikiwa imeota manyoya ya kijivu. Glenys aliifunga friji taratibu.

Walirudi sebuleni na vikombe vyao. Dirishani mwanga ulikuwa umeanza kuwa wa kahawia. Glenys akasema, kwa upole alioweza, "Bi Enid, nilichokiona jikoni siwezi kukiandika kwamba unajimudu."

"Kwa nini usiweze? Umekwisha kuweza siku nyingine." Bibi hakupandisha sauti. "Kaka yangu alikuwa hana goti hata moja zima. Ukamwandikia hastahili. Mimi goti ninalo. Mimi nistahili nina nini?"

Ndipo Glenys aliposikia.

Dub. Kisha mkwaruzo wa kitu kinachoburutwa. Kisha kimya cha pumzi mbili tatu. Dub. Mkwaruzo. Ilitoka nyuma ya ukuta, upande wa ngazi.

"Saa tisa na nusu," Bi Enid akasema, bila kugeuka. "Anapanda kulala kidogo. Sikiliza. Anapanda kwa makalio, amegeukia chini, anajivuta kinyumenyume kwa mikono. Ngazi ziko kumi na tatu. Ya saba anapumzika."

Dub. Mkwaruzo. Dub. Halafu kimya kirefu.

"Hiyo ya saba," bibi akasema.

"Ni mabomba," Glenys akasema. "Mabomba ya joto, nyumba hizi za zamani..."

"Joto gani, mwanangu? Mtambo wa kupasha nyumba umekufa tangu Oktoba. Mabomba yako baridi kama mimi."

Dub, ngazi ya nane. Glenys alishika kikombe kwa mikono miwili. Aliwaza kwamba aondoke. Funguo za gari zilikuwa mfukoni, mlango hatua sita. Na mahali fulani ndani ya kichwa chake, mahali palipokuwa bado pa kazi, sauti nyingine ikaandika: nyumba haina joto tangu Oktoba.

*

"Nitakwambia kitu," Bi Enid akasema sauti zilipokwisha. "Halafu utaandika utakalo. Mimi sijali. Ila usinikatize."

"Sitakukatiza."

"Ile siku uliyokuja hapa, mimi nilikuwa hapa jana yake. Cyril alinipigia simu, akasema mtu wa halmashauri anakuja. Nikapanda basi. Nikakuta..." Alitikisa mkono, kana kwamba anafukuza nzi. "Nikakuta ndoo juu chumbani, maana kushuka chooni usiku alikuwa hawezi. Nikakuta vyombo vya mwezi mzima. Yeye mwenyewe ananuka, ndevu hizo hapa. Kaka yangu, aliyekuwa akienda kiwandani na kiatu kinachong'aa. Unajua nilivyofikiri? Nilifikiri juu ya yule mkaguzi wa msaada wa serikali aliyekuja kwetu baba alipokufa. Nilikuwa na miaka kumi. Alifungua makabati ya mama mbele yetu. Akauliza kiti hiki cha nini na kile cha nini, na mama amesimama na aproni, anajibu 'ndiyo bwana, hapana bwana'. Akatoka bila hata kufuta viatu. Mama hakula siku ile."

Alivuta skafu.

"Nikasema, safari hii hakuna atakayetuona hivyo. Nilipiga magoti hapo unapokanyaga, nikasugua sakafu usiku kucha. Nikaficha ndoo. Nikapika supu. Asubuhi nikachemsha maji, nikamsugua Cyril kama mtoto mchanga, kwa sabuni ya mama, ile nyekundu. Nikamfunga tai. Nikamwambia, 'Cyril, usinitie aibu. Ukiulizwa, sema unajimudu.' Akasema, 'Lakini Enid, sijimudu.' Nikamwambia, 'Sema!' Tukafanya mazoezi. Halafu nikapanda basi la saa mbili, usije ukanikuta."

Sabuni ilikuwa imejaa chumbani, imeshika ukuta hadi ukuta. Glenys alijua kwamba bibi hainusi.

"Kwa hiyo usinitazame kwa macho ya huruma," Bi Enid akasema. "Najua unanitazama, hata kama sikuoni. Barua uliandika wewe, lakini maneno niliyaweka mdomoni mwake mimi. Alikuwa hajawahi kunikatalia kitu. Sasa anapanda na kushuka, anapanda na kushuka. Ananionyesha. Mimi nikistahili, nani atalipa deni lake?"

Glenys angeweza kumwambia yale yanayosemwa: hukukusudia, ulimpenda, usijilaumu. Alikuwa ameyasema kwa watu wengi na yeye mwenyewe alikwisha kuambiwa. Badala yake mdomo wake ulifunguka ukatoa jambo ambalo hakuwa amemwambia mume, wala Rupinder, wala kikao.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Alinisindikiza mlangoni. Alishika samani, kiti, meza, ukuta, na mimi nilimfuata nyuma. Suruali yake makalioni ilikuwa imelika mpaka nyuzi. Na kwenye nyuzi zile zilikuwa zimenasa nywele za zulia. Za kijani. Nikatazama ngazi, nikaona zulia limechakaa katikati tu, kila ngazi, upana wa mtu aliyekaa. Nikaelewa. Mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa. Nilikuwa na mtu mwingine wa kumwona saa tano, mvua inanyesha, na fomu imekwisha kujaa, inapendeza, haina utata. Ningesema, 'Bwana Lumb, hebu nionyeshe unavyopanda.' Maneno hayo tu. Nikasema, 'Haya, kwaheri, jitunze.'"

Nje gari lilipita polepole juu ya barafu.

"Suruali," Bi Enid akasema hatimaye. "Nilipiga pasi shati. Suruali alikuwa nayo hiyo moja, nikasema ataikalia, haitaonekana."

"Ilionekana."

"Na ulipoulizwa na wakubwa zako?"

"Sikuulizwa juu ya suruali. Sikuisema."

Bibi alicheka, cheko fupi lisilo na furaha, kama mtu anayekohoa. Hakumwambia Glenys kwamba amemsamehe, na Glenys hakuomba. Lakini bibi alikichukua kikombe chake, akanywa chai iliyokwisha kupoa, akakirudisha kwa kupapasa ukingo wa meza.

"Chukua kalamu," akasema. "Andika kabla sijabadili nia. Sijaoga tangu Septemba. Beseni liko juu, na ngazi zile sipandi. Si magoti. Siwezi kumpita pale ya saba. Nalala kwenye hicho kiti ulichokalia, na koti hili. Chooni nakwenda kwa kuhesabu, na nikikosea hesabu, basi. Mtu wa mwisho kuzungumza naye kabla ya daktari alikuwa kijana wa kuuza madirisha. Nilimweka saa nzima. Andika na hilo."

Glenys aliandika. Aliandika mpaka taa za mtaa zikawaka, naye bibi akasema yote, bila machozi, kama anayesoma orodha ya nguo za kufua. Kabla ya kuondoka Glenys alimpigia fundi wa dharura wa mtambo wa joto, akamsubiri mpaka akaja.

*

"Matano?" Rupinder akasema kesho yake, akipekua kurasa. "Chakula, kuoga, usalama, joto la nyumba, kukaa bila watu. Wakuu wa fedha watanirudishia hii. Kula anakula, umeandika mwenyewe kwamba chai anapika."

"Anapika kwa kujichoma. Kanuni yao wenyewe inasema anayeweza kwa maumivu au kwa hatari ahesabiwe hawezi. Picha ya mkono iko ukurasa wa nne. Wakitaka kuirudisha, waje wanywe chai pale."

"Siku hizi una meno, dada."

"Kuna karatasi nyingine chini yake."

Rupinder aliifunua. Ilikuwa kurasa mbili, zimetiwa sahihi, juu ya asubuhi ya Februari miaka mitatu nyuma. Aliisoma ameishika wima mbele ya uso wake, na alipoishusha alionekana amechoka.

"Kwa nini, Glenys? Faili limefungwa. Hakuna anayekudai."

"Yupo."

"Nikiipeleka hii siwezi kuirudisha. Unaelewa? Kazi yako, pensheni yako."

"Ipeleke."

Ilipelekwa. Glenys alisimamishwa wiki saba, akakaa nyumbani akimtazama mumewe akimtazama. Kisha ikaja barua kutoka kwa wanasheria: maelezo yamepokelewa, yameambatanishwa na faili, hayabadilishi hitimisho la awali, mhusika ataonywa kwa maandishi na kurudi kazini. Aliisoma jikoni, akaikunja. Alikuwa ametarajia apigwe, na wamembembeleza tena. Usiku na mchana sabuni ilikuwa pale pale. Hapo ndipo alipojua kwamba itakuwa pale siku zote, na akaacha kuifungulia madirisha.

Bi Enid alikidhi vigezo. Wakuu wa fedha walinung'unika wakapunguza ziara za siku kutoka nne hadi tatu, lakini hawakuweza kukataa. Kitanda kiliwekwa sebuleni. Asubuhi, mchana na jioni alikuja mhudumu, mama mmoja kutoka Kerala jina lake Sheeja, mwenye kicheko kikubwa, ambaye siku ya kwanza alitukanwa kwa sababu chai ilikuwa nyepesi na siku ya pili kwa sababu ilikuwa nzito, na wiki ya tatu Bi Enid alikataa kata kata kuletewa mtu mwingine siku ya mapumziko yake.

Glenys alikwenda Machi, kufanya tathmini ya marudio. Sheeja alimfungulia, akamzuia ukumbini, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, samahani. Naomba kuuliza. Huyo mzee wa juu, yeye hana mtu wa kumsaidia?"

"Mzee gani?"

"Namsikia mchana. Anapanda kwa shida sana. Nilimwuliza Bi Enid, akasema ni kaka yake, mwache, hapendi kuonwa. Lakini ratiba yangu ina jina moja tu. Nikafikiri labda ofisini mmemsahau."

Kutoka sebuleni sauti ikapaa. "Sheeja! Mnanong'ona nini huko? Mimi kipofu, si kiziwi!"

"Tunakuja, bibi!" Sheeja akaitikia, macho bado kwa Glenys, akisubiri jibu.

"Hatujamsahau," Glenys akasema.

Siku hiyo, fomu ilipofika kwenye swali la mwisho, kama kuna jambo lolote ambalo angependa kulifanya na hawezi, Bi Enid alikaa akitafuna biskuti muda mrefu. Kisha akasema angependa kwenda makaburini. Hakuwa amekwenda hata siku ya maziko. Alijifungia pwani, akasema ana mafua. Jiwe alililipia kwa posta na hajui hata kama lilisimamishwa.

Walikwenda Jumamosi, siku ambayo Glenys hakuwa kazini na hakuna fomu iliyohitajika. Sheeja alisukuma kiti cha magurudumu kwenye njia ya changarawe, Glenys akitangulia kusoma majina. Kaburi lilikuwa mwisho kabisa, karibu na ukuta, ambapo kilima kinaanguka kuelekea mtoni. Jiwe lilikuwepo, dogo, la kijivu. Bi Enid aliomba asogezwe karibu, akainama, akaweka vidole kwenye herufi akazifuata moja moja, midomo ikicheza. Alipofika mwisho alirudi mwanzo. Glenys alisimama kando mikono mifukoni. Upepo ulikuwa mkali, na ulimletea harufu ya nyasi mbichi na ile nyingine.

"Cyril," bibi akaliambia jiwe, kwa sauti ya mtu anayeita kutoka chumba cha pili. "Nilikosea. Ungekataa. Kwa nini hukunikatalia, mjinga wewe?"

Sheeja aliinua blanketi akamfunika mabega. Baada ya muda bibi alijifuta pua, akasema baridi inamwingia mgongoni, na kiti kikageuzwa.

Glenys alibaki. Alikuwa na maneno aliyoyatunga kwa miaka mitatu, ameyapanga na kuyapangua barabarani na bafuni, na sasa hakupata hata moja lililofaa kusemwa kwa sauti. Alitazama nyasi zilizolala kwa upepo, akangoja. Nyuma yake magurudumu yalilia juu ya changarawe, yakasimama.

"Glenys!" Bi Enid akaita, bila kugeuza kichwa. "Unakuja, au unabaki naye?"

Alisimama kidogo zaidi. Kisha akawafuata.